Kandambili ya Buluu

Ventnor, mwezi wa nne

Natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi,
macho yana mchanga, miguu si yangu,
na badala ya kupanda kilima nikalale
nashika njia ya chini, ya Bonchurch,
kule ardhi ilikovunjika na haijamaliza kuvunjika.

Nimetumwa na Bi Attrill wa chumba cha sita.
Ana miaka tisini na mmoja, hatoki kitandani,
lakini analijua kila jani la ukingo huu
kama mtu ajuavyo madeni yake.
"Niletee habari," husema. Si maua. Habari.

Basi naandika nyuma ya karatasi ya dawa:

Kindi mmoja, mwekundu kama ngeu,
vishungi masikioni, mkia juu ya mgongo.
Wenzake wa kijivu wamejaa ng'ambo, bara;
maili chache za maji zimewashinda.
Mimi nilivuka kwa feri, tiketi mkononi,
nikitapika ndani ya mfuko wa mkate.
Hakuniuliza natoka wapi.
Alinitazama, akaendelea kula.

Maganda ya njugu chini ya mti:
lililopasuka nusu kwa nusu ni lake;
lenye tundu la duara, laini kama limepigwa tupa,
ni la yule panya mnono wa rangi ya asali
alalaye miezi saba kwa mwaka.
Miezi saba!
Hana zamu, hana simu ya msimamizi.
Namwonea kijicho, Mungu anisamehe.

Mijusi ukutani, minne, inaota jua.
Walifikaje hapa, kila mtu ana hadithi yake.

Kisha njia ikapinda, upepo ukageuka,
nikasikia harufu ya nazi.
Nazi ya kukunwa sasa hivi, tui la kwanza,
hapa, kwenye baridi ya kung'ata masikio.
Nikageuka kutafuta mbuzi
na mbuzi alikuwapo kweli, juu kabisa mteremkoni,
wa miguu minne, mwenye ndevu, anatafuna.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ilikuwa kichaka tu, miiba mitupu,
imejivika maua ya manjano hadi kwenye ncha.
Kwao kina jina fupi, kama kukohoa.
Kwetu hakina. Nimekiita mwiba-nazi,
na kwa kunijibu kimenitoboa kidole gumba.

Chini ya vyote hivi kuna udongo wa mfinyanzi,
wa buluu ya kijivu. Wazee wa hapa
waliuita kandambili, kandambili ya buluu,
kwa sababu mvua ikizidi
mawe na chaki vilivyo juu huuvaa
na kuteleza navyo kuelekea baharini:
bustani, barabara,
na usiku mmoja jiko la mjomba wake Bi Attrill
pamoja na kabati la vyombo.
"Vikombe tulivikuta vimesimama," husema,
"hata mpini mmoja haukukatika."
Hilo la vikombe ndilo halijamtoka.

Saa tatu usiku namsomea karatasi.
"Huyo kindi, dume au jike?"
Sijui.
"Basi hiyo ni nusu habari."
Namfungulia kiganja: maua matatu, yamesinyaa.
Ananusa, anafumba macho, ananusa tena.
"Mwi-ba-na-zi," anarudia, akiyatafuna maneno,
kisha ananiamuru niliandike kwenye daftari lake,
kwa wino, chini ya lile jina la kukohoa.

Mvua imeanza.
Ukutani, juu ya kitanda chake, kuna ufa
wenye alama za penseli na tarehe, mwandiko wake.
"Pima," ananiambia, taa bado inawaka.
Naweka ukucha kwenye alama ya mwisho.
Umepita.
Kidogo tu, unene wa ganda la njugu.
Naye anauliza tarehe ya leo,
ameshashika penseli.